Mlango wa Bi Rehema

Mji Mkongwe, Unguja

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Kifua kinaendeleaje, na baridi ya huko Tabora imepungua? Mimi nipo, lakini moyo wangu haupo mahali pake. Bi Rehema, mwenye nyumba wangu, ametutoka. Yule uliyekuwa ukimwambia kwenye simu, "Nitunzie mwanangu," hayupo tena, mama.

Yalianza mafua tu. Kisha homa, koo, kikohozi kikavu, na viungo vikamuuma hata khanga akaiona nzito mwilini. Nikampeleka kwa daktari. Akasema ni homa ya mafua, inaambukiza. Apumzike, anywe maji na uji, ameze panadol, dirisha liwe wazi, wageni wasiingie. Pumzi zikimpa tabu, arudishwe mbio.

Wageni wasiingie! Nani wa kuwaambia hayo watu wa mtaa huu? Walikuja wote kumkagua, wakajaa mpaka kitandani. Nilipotaka kufunga mlango alinikemea: "Wee Asha, nkifunga mlango watasema nshakufa." Akavaa leso mpya, akaniamuru nifukize udi, akakaa kitako kuwapokea. Wakamsifu: "Mbona ushapata nafuu, Bi Rehema!" Naye akacheka. Kumbe pumzi zinamwishia, anaona haya kuwakatiza wageni mazungumzo. Walipoondoka ndipo nikaona midomo yake imebadilika rangi. Tulimfikisha hospitali, lakini tulichelewa. Nimelia, mama, mpaka nimechoka kulia. Hasira ninazo, ila sijui nimkasirikie nani, maana wote walikuja kwa mapenzi.

Sasa homa imenipata mimi. Usishtuke: nakunywa, nalala, pumzi zinatoka vizuri. Ila Idi hii sitakuja kama nilivyoahidi. Kwa pumu yako hiyo, siwezi kukuletea ugonjwa huu. Nawe usije kuniuguza, nakuomba. Na siku kifua kikikubana, mwambie kaka Juma akupeleke hospitali papo hapo, hata kama sebule imejaa wageni.

Nisalimie kaka na mkewe, na shangazi muuza maandazi. Waambie wamwombee dua Bi Rehema.

Mlango wangu mimi nimeufunga. Bi Mwanakombo wa nyumba ya pili huniwekea uji nje, kisha huita: "Asha, u hai?" Nami huitika, "Naam!" kwa sauti kubwa, mtaa mzima usikie.

Mwanao akukumbukaye,
Asha