Haya ya Biarusi

Takaungu,
Kilifi.
Jumanne, 2 Desemba 2025.

Mpendwa ndugu yangu Farid,

Assalaam alaikum warahmatullahi wabarakatuh. Natumai barua hii itakukuta mzima, mgongo umepoa, na kwamba huko jangwani mnapewa chakula cha maana, si mikate mikavu tu. Nimesikia umeanza kuvaa miwani. Pole, mdogo wangu, ndio utu uzima huo. Mimi yangu niliikalia juzi ikavunjika, naandika nimekaza macho.

Sisi tangu zamani tuna mtindo wetu wa kuandika kwamba huku hatujambo, hofu ni kwako uliye mbali. Safari hii mstari huo umenishinda. Hofu iko huku, Farid. Imo ndani ya nyumba yako, nayo ndiyo iliyonikalisha na kalamu.

Utauliza kwa nini sikupiga simu. Ukiwa huko kwenye visima vya mafuta simu yako haishiki, hilo unalijua mwenyewe. Na hata ingeshika, nyumba imejaa wanawake wa harusi, kila ukuta una sikio. Halafu wewe nakujua, ukisikia neno juu ya mwanao humpigia mama yake papo hapo, kabla mimi sijashusha pumzi. Shoeb wa duka la vitambaa anasafiri leo kwenda Maskati. Atampa binamu yetu Zayd barua hii mkononi, na Zayd nimemwomba akuletee huko huko kazini.

Mama hajambo, anakula, anagombana na paka kama kawaida. Analalamika tu kwamba vidonge vyake vya presha vinakwisha kabla ya mwezi kwisha. Tulimcheka, tukasema ni uzee, anameza akisahau anameza tena. Nyumba imepakwa chokaa, na ule mnazi wa uani uliokuwa umeinama umekatwa ili hema lipate nafasi. Mkeo Rayhana hakai, hanywi chai, yuko mbioni mchana kutwa na harusi ya binti yenu, hii ya mwezi wa Rajabu.

Sasa nije kwa mwanao Aaliya.

Unamkumbuka alivyokuwa mtoto, kibonge, mashavu yamejaa, tukipokezana kumbeba na kusema amenawiri. Shuleni ndiko alikofundishwa kwamba kunawiri ni aibu. Walimwita Pipa. Wewe ulikuwa umeshakwenda Omani, hukuyaona. Mtoto alikuwa akirudi anajifungia chumbani, anakula, kisha analia kwa kuwa amekula.

Mara ya kwanza alipojipunguza alijipunguza kwa pupa. Alijinyima, akakonda upesi, tukampigia vigelegele, kisha mwili ukarudi wote na nyongeza yake juu. Tulipokwenda harusini Malindi, mama mmoja wa kule akamfinya mkono mbele ya watu akamwambia, "Ehe, umerudi kwenu?" Chumba kizima kilicheka. Nilimwona mtoto akicheka nao, na macho yake hayakucheka.

Mara ya pili alifanya kwa akili, na hapa nataka unielewe, mimi sipingi mtu kupungua. Goti lilikuwa likimuuma, na sukari imo katika ukoo wetu. Alikwenda Kilifi kwa mama mmoja wa lishe anayeitwa Pola, mtu wa Ganze, mwenye maneno machache. Pola hakumkataza kitu. Alimwambia tui lipungue lisiachwe, samaki na kunde ziwepo, mahamri yawe ya Ijumaa, atembee, alale. Alisema mwili ukitishwa na njaa huweka akiba, ukitulizwa huachia wenyewe. Akamtania, "Haba na haba hupunguza kibaba." Baada ya Alasiri nilikuwa nikitembea naye vichochoroni mpaka kivukoni na kurudi, yeye anazungumza, mimi nahema. Alipungua polepole na akabaki pale pale zaidi ya mwaka, uso una nuru. Siku moja aliniambia, "Shangazi, kupungua si kazi. Kazi ni kubaki." Nikaona mtoto amekuwa mtu mzima.

Kisha akaposwa, likaja gauni la harusi. Sikulaumu, ulilituma kwa mapenzi, na wallahi ni zuri, lakini huko walimshonea mwanamke wa pichani. Halikufunga mgongoni. Naznin, yule fundi wetu wa Kilifi, alilipindua akasema nafasi ya kulilegeza ipo, ni kazi ya asubuhi moja. Aaliya akalichukua mikononi mwake akasema gauni la baba halifumuliwi, yeye ndiye atakayelifuata gauni. Mama yake alifurahi sana. Moyo wangu haukupenda, lakini watu wote walikuwa wakishangilia.

Tangu siku ile akaanza kutuondokea kidogo kidogo. Kutembea na mimi akaacha, akawa anatembea peke yake na hajui kusimama. Kwa Pola hakwenda tena. Gauni likafunga, nikadhani sasa atatulia, lakini likaendelea kulegea na yeye akaendelea. Joto hili lote la kaskazi linatutoa jasho, naye mikono yake ni baridi kama ya mtu aliyeosha samaki wa barafu. Nywele zinabaki kwenye kitana. Akisali anakaa, anasema miguu imekaza misuli.

Na sisi tukasemaje? Tukasema ana haya. Unajua mila zetu, ndugu yangu. Biarusi asiyekula mbele za watu ndiye mwenye adabu, na anayekula akashiba ndiye wa kusengenywa. Biarusi huinamisha macho, husema kwa sauti ya chini, hushikwa mkono akiinuka. Basi mwanetu hagusi chakula, hawezi kuinua kichwa, akisimama anayumba, na kila mgeni anayeingia anasema mashallah, huyu amefundwa. Mama mkwe wake alikuja kutoka Malindi, akamtazama, akamwambia Rayhana kwamba mwanawe Abubakr ameokota lulu. Tumeuona ugonjwa tukauita adabu.

Wiki iliyopita tulimweka ndani. Mimi ndiye somo yake, mwenyewe alinichagua, na nilifurahi kama niliyeposwa mimi. Ukiwa somo unamsinga, unamfukiza udi, unaona mwili ambao hata mamaake hauoni. Na unachokiona hukisemi. Hiyo ndiyo amana, na tangu nimekuwa somo wa wasichana wa mji huu sijawahi kuivunja.

Nilipomvua leso siku ya kwanza kumpaka singo ya kung'arisha ngozi, mkono wangu ulisimama wenyewe. Uti wa mgongo unahesabika. Mabega yamechongoka. Nilipitisha ile singo juu ya mbavu zake nikawa naogopa kukandamiza. Nilitoka nje nikalia nyuma ya jiko, nikawaambia wenzangu ni moshi.

Jana asubuhi nilikuwa nikimfukiza. Aliinuka juu ya chetezo, akageuka rangi, akaniangukia mikononi. Leso ilifunguka pindo, na pindoni mlikuwa na vidonge. Nilivijua mara moja, ni vile vyeupe vya Mama, vile vinavyompeleka msalani kila saa. Kikulacho ki nguoni mwako, Farid. Bibi yake tumemwita mzee msahaulifu, kumbe mjukuu ndiye anayevimeza ili atoe maji mwilini.

Nilipomwuliza hakukana. Alinishika mkono na ile mikono ya baridi akaniambia, "Somo, ukisema, utakuwa umenivua nguo mbele za watu." Nikamwambia gauni linakuvuka sasa, mwanangu, unamkimbia nani tena? Akatazama mlangoni. Akasema kwa sauti ndogo, bila hata kulia, "Yule mnene hajafa, shangazi. Yuko nje ya mlango, ananingoja nipumzike." Mimi nimeona mengi, nimeosha maiti, lakini maneno yale yalinisimamisha nywele. Nilijikuta na mimi nimeutazama mlango.

Nilikwenda kwa Rayhana. Siri sikuitoa, nilimwambia tu mtoto hana nguvu, tumpeleke hospitali akapimwe. Alinitazama kama niliyemtukana. Biarusi aliyewekwa ndani atolewe juani, apelekwe hospitali siku hizi chache kabla ya nikaha? Watasema ana mimba, hiyo ndiyo kauli yake, na kusema kweli wangesema. Akasema ni kijicho cha watu, akaagiza kombe kwa maalimu. Likaja sahani yake na maandishi ya zafarani, Aaliya akalinywa kwa adabu, akalala. Mimi siidharau dua. Lakini dua na vidonge vile vinashindana ndani ya kifua kimoja, na kifua chenyewe hakina kitu. Rayhana si mtu mbaya, usimkasirikie. Anamwona bintiye akisifiwa kwa mara ya kwanza maishani mwake, na hataki mtu amwamshe.

Kwa hiyo nakuomba wewe. Wewe ndiye baba, wewe ndiye wali, pasi na neno lako hakuna nikaha wala hakuna harusi. Sema mtoto atolewe ndani apelekwe hospitali. Sema harusi isogezwe mbele hata baada ya Ramadhani. Visingizio mimi nitavitafuta, uongo mdogo wa heri Mungu atanisamehe. Wahenga hawakukosea waliposema mficha maradhi kifo humuumbua, nami nakiona kifo hicho kikisogezewa kiti katika nyumba iliyopakwa chokaa mpya. Nangoja

Farid, kalamu niliiacha pale. Naishika tena nikiwa Kilifi, hospitali, kwenye benchi ya wodi ya wanawake. Usikae chini. Soma.

Nilikuwa naandika hapo juu nikasikia kishindo chumbani kwake. Nilimkuta sakafuni, midomo imepiga rangi ya samawati. Niliweka mkono kifuani mwake. Moyo ulikuwa ukipiga, ukisita, nami nikingoja, kisha ukipiga tena. Sikungoja neno lako wala la mtu. Nilimfunga leso, nikamwinua, na Mungu anisamehe, alikuwa mwepesi mno, mimi mwenye magoti haya nilimbeba mwenyewe. Nilitoka naye mlango wa mbele, mchana kweupe, wanawake wote wakitazama, wengine wameshika vinywa.

Rayhana alinikamata buibui barazani. Aliniambia, "Mwanamina, watu watasema nini?" Nikamwambia waseme leo au waje waseme matangani, achague yeye. Akaniachia. Alikaa pale pale chini na mikono yake ikabaki wazi. Jirani yetu Kenga alikuwa anaosha gari, akatuchukua hivyo hivyo na povu.

Daktari nimemwambia yote. Vidonge, njaa, mbavu, yote. Usomo wangu umekwisha leo, na sitaki kuombwa tena na mtu. Amesema chumvi za damu zimetoka pamoja na maji, na moyo bila chumvi hizo hupotea njia. Wanamrudishia polepole, maana ukimrudishia kwa haraka ni hatari nyingine. Nilimwuliza atapona? Akasema tungoje mpaka kesho. Pola wa lishe amesikia, amekuja, amesimama miguuni pa kitanda. Naye hajaondoka.

Nimekupigia, simu imezimwa. Shoeb yuko hapa mlangoni na begi lake, ananingoja nimalize, na gari lake la Mombasa linampigia honi. Nitamaliza.

Mwambie Zayd asikuache usafiri peke yako, na umsalimie sana. Wasalimie na wenzako wa kambini, uwaombe watuombee. Mama amekwisha kujua, yuko juu ya msala tangu Adhuhuri, anakuombea safari njema kabla hata hujaianza. Mwenyezi Mungu akufungulie njia, akutangulie kila unapokanyaga, na amrehemu mtoto wetu angali hai.

Aaliya amezinduka sasa hivi, nilipokuwa naandika dua hiyo. Nilidhani ataniuliza yuko wapi, au harusi imekuwaje. Ameutazama mpira wa maji unaoingia mkononi mwake, akaufuata kwa macho mpaka juu kwenye chupa. Akaniuliza, "Shangazi, haya yatanirudisha?" Kisha akaanza kuitafuta sindano aing'oe. Mkono wangu wa kushoto umeushika mkono wake huo, ananivuta, ana nguvu ambazo sijui amezitoa wapi. Wa kulia ndio huu ninaokuandikia, nao nauhitaji. Njoo, Farid.

Dada yako akupendaye,
Mwanamina