Kovu la Nyuma ya Sikio

Mjukuu wangu Salma,

Marahaba. Sote hapa Kiwengwa tu wazima, na dada yako keshajifungua salama, mtoto wa kiume.

Umeniuliza kovu hili la nyuma ya sikio nimelipataje. Hasira zimenipanda upya, nivumilie.

Nilikuwa msichana mdogo, miaka ya hamsini. Sikio likinitoka usaha muda mrefu, na ami yangu, aliyetulea baada ya baba kufa, akisema ni mambo ya utoto tu. Akiniita nisisikie, hunipiga kwa kuwa sikuitika naam. Mwisho mfupa wa nyuma ya sikio ukavimba, homa ikapanda. Mama akataka kunipeleka hospitali mjini.

"Wakimchonga kichwa, nani atamuoa?" ami akasema.

"Na akifa, nani atamuoa?" mama akamjibu, akanibeba.

Daktari aliuchonga mfupa, akautoa usaha kabla haujafika kwenye ubongo. Nilipona, lakini sikio hilo halisikii mpaka leo.

Tuliporudi, ami akawaambia majirani, "Sasa kiburi kimemtoka."

Mama akasimama mbele yao wote. "Hakuwa na kiburi, alikuwa hasikii. Umempiga mtoto mgonjwa."

Ami hakunipiga tena, lakini radhi hakunitaka mpaka anazikwa. Sijamsamehe, Salma, wala usiniombe. Mama alikuwa hasemi mbele ya wanaume. Lakini siku ile sauti yake haikutetemeka hata kidogo.

Bibi yako,
Mwanakhamis