Mkono wa Vidole Vinne

Mama Adela wangu, amahoro, amani iwe nawe. Niko Kibirizi, kwenye mwalo wa ziwa, na harufu ya dagaa imeingia mpaka kwenye koti.

Asubuhi nilimchora mama muuza dagaa akigombana na mchukuzi. Katuni ikapita mkono kwa mkono, watu wakicheka, hadi kwa abiria aliyeshuka kwenye boti ya Bujumbura. Yeye hakucheka.

"Mzee, mbona mkono una vidole vinne? Kwetu mchoraji mmoja tu wa gazeti alichora hivi. Alitoroka. Bado tunamtafuta."

Nikajibu: "Uzee, bwana. Nimesahau kimoja."

"Basi kiongeze."

Nikakiongeza akinitazama. Muuza dagaa, asiyejua lolote, akafoka: "Umeuharibu, babu! Sasa unafanana na reki!"

Hapo mgeni akacheka, akaenda zake.

Miaka yote hii ya ukimbizi sikuwahi kuukana mchoro wangu, ila leo. Shemeji yako atakukabidhi kadi hii mwenyewe, usimwonyeshe mtu mwingine. Kula vizuri, jifunike, baridi ya kambini naijua. Hapa pembeni nimekuchorea mkono unaokupungia. Uhesabu vidole.

Baba Adela