Siku Ambazo Mvua Haikunyesha

Mjukuu wangu Kemunto,

Huku Nyamarambe tuko salama. Mama yako amemaliza kupalilia, na ng'ombe mwekundu amezaa ndama jike.

Unauliza kama ujitolee kupima mvua huko Kitale. Jitolee, ila usifanye nilivyofanya mimi.

Nikiwa kijana nilipewa kipimamvua na daftari. Kila asubuhi nilichungulia. Mvua ikiwa imenyesha, niliandika. Isiponyesha, nilienda zangu shambani. Niandike nini, na hakuna kitu? Mwaka huo mahindi yalikauka yote. Tulipoomba chakula cha msaada, afisa alifungua daftari langu akakuta kurasa tupu.

"Hapa sioni ukame," akasema. "Naona mtu ambaye hakupima."

Msaada ukaenda kwingine. Jirani yetu Nyaboke aliniuliza mara moja tu: "Ulichungulia kila siku, na hukuona tunakauka?" Hakunisalimu tena mpaka tukamzika.

Kwa hivyo andika sufuri, Kemunto, hata ziwe mia mfululizo.

Na kabla ya swali lako hili ulininyamazia mwaka mzima, eti hukuwa na jipya. Hilo nalo ungeniandikia.

Babu yako.