Mtungi Unanukia, Mtoto Anaharisha

Mshauri wetu mpendwa, nisaidie kabla sijatolewa nyumba ya watu. Niliolewa hapa Mji wa Kale na Kamaludin, na nyumba yao ina kisima kilichochimbwa na babu yake, mgeni akija huonyeshwa kisima kabla hajaonyeshwa pa kuketi, na maji yake mavyaa, mama wa mume wangu, huyatia katika mtungi alioufukiza ubani, yananukia mpaka ukumbini, nami harufu yake naipenda, lakini mwanangu Mzamil, ambaye ndiyo kwanza anajifunza kutembea, tangu aanze kunywa maji hayo akipona leo kuharisha, kesho anaanza tena, na safari hii amelegea hata kusimama hataki. Nilimwomba mavyaa tuyachemshe, akanitazama juu mpaka chini, akasema, "Kwetu maji ya moto ni ya mzazi na ya maiti. Wewe ni yupi?" Basi nikawa nanunua maji ya dukani nayaficha uvunguni mwa kitanda, akayaona alipokuwa akitafuta kiatu cha mtoto, akaita majirani, "Njooni muone, mke wa mwanangu amefungua duka chumbani!" na tangu hapo sina uso wa kukaa barazani. Asema mtoto anaota meno, na kwamba wanawe wawili walifariki wachanga kwa tumbo hivi hivi, lilikuwa jicho la watu. Tena asema Mzamil akiharisha tumnyime maji, "Huyo anavuja, nawe wazidi kumjaza?" nami, Mungu anisamehe, nimemnyima. Nikimlalamikia Kamaludin hujibu, "Mama anajua," ilhali yeye kazini kwake Shimanzi hunywa maji ya chupa. Je, nivumilie ili nyumba itulie, au nimchukue mwanangu nirudi kwa mama yangu Majengo?

Maisara, Mji wa Kale

Maisara mwanangu, kwa sifa za mtungi huo nilikaribia kuomba kikombe. Kisha nikafika kwa Mzamil, kiu ikanitoka.

Tuanze na yeye, heshima za wakubwa zingoje. Mtoto aliyelegea kiasi hicho hapelekwi kwa mshauri wa gazeti, hupelekwa hospitali. Vaa buibui lako uende sasa, na usiombe ruhusa ya mtu. Njiani mnyonyeshe, mnyweshe kidogo kidogo maji ya ORS, ile pakiti ya chumvi na sukari ya duka la dawa, iliyokorogwa kwa maji salama. Ndoo inayovuja, ukiacha kuitia maji, haiachi kuvuja; inakauka tu. Macho yakididimia, akilia bila machozi, asipokojoa, ujue amekwisha kukauka. Huko watampa na vidonge vya zinki, nawe ummalizishe dozi hata tumbo likitulia.

Sasa mtungi. Ubani ni kitu kizuri, nami kwangu nafukiza. Lakini vijidudu vya kuharisha havina pua. Kufukiza mtungi wa maji machafu ni sawa na kujipaka mafuta ya waridi bila kuoga: jirani atafurahi, uchafu uko pale pale. Na babu, Mungu amrehemu, alichimba kisima kizuri siku ambazo majirani walikuwa wachache. Leo nyumba zimeota ghorofa, kila ghorofa na choo chake, na chini yetu ni mawe ya matumbawe yaliyojaa vitundu. Maji ya chooni hayabishi hodi kisimani.

Mavyaa wako bila shaka husema kisima kimewalea wote. Kimewalea waliobaki. Wale wawili hawakupata nafasi ya kukisifu, na hapa naacha kejeli, kwa sababu huenda bibi huyo anashikilia jicho la watu ili asije akafikiria mtungi. Usimtupie hilo usoni. Hakuna aliyemfundisha, naye aliwalilia.

Wewe pia sikusamehe upesi. Umeficha maji uvunguni kama mtu afichaye wizi, ukamnyima mtoto kinywaji ili usisemwe barazani. Baraza husahau, Maisara. Mwili wa mtoto hausubiri.

Majengo usiende kwa sababu hii. Huko nako maji yanataka kuchemshwa. Chemsha ya kisima mpaka yatokote, yafunike yapoe. Mtungi usuguliwe kwa sabuni, kisha umkabidhi mavyaa aufukize kwa mkono wake, maana hakuna ajuaye kama yeye. Maji yaliyopoa ndiyo yatiwe humo, nayo yatanukia vile vile, kwani harufu imo mtungini, haimo katika ubichi wa maji. Tena mtungi ufunikwe, mkono wa mtu usizame ndani, na anayetoka chooni au kumtawaza mtoto anawe kwa sabuni kabla hajagusa kata ya kuchotea maji.

Nani amwambie mavyaa haya? Kamaludin, ambaye tumbo lake lastahili chupa na la mwanawe lastahili kisima. Mtakaporudi na mtoto, mbele ya mama yake, mtekee maji ya mtungini kama yalivyo, umpe kwa mikono miwili, kwa adabu zote: "Karibu, baba Mzamil. Mama anajua."

Akisitasita na kata mkononi, mwache mama yake amtazame. Kisha washa jiko.

Bi Swafia