Kichana cha Muhugu

Jericho, Jumanne, Juni 1996

Nimemdanganya Mama Kevo, jirani. Alikuja jioni na mtoto wake wa wiki mbili, titi limejaa na linachoma kama pasi. "Baba Mueni, niazime kile kichana cha kuchania titi ulichomchongea Mama Mueni." Nikasema kimepotea.

Si uongo wote. Tangu tutoke hospitali Ijumaa nakitafuta nikitie moto, sikioni.

Nilikichonga mimi mwenyewe, kwa mti mgumu wa muhugu. Titi la mke wangu lilipovimba na kuwa jekundu akiwa ananyonyesha, mama yangu alisema ni maziwa yameganda, lichanwe kama alivyochanwa yeye. Nikalichana kila jioni kwa mafuta ya moto, miezi miwili. Kumbe ni saratani.

Daktari alinieleza polepole. Seli zikiumia hutoa kemikali, kama mtu anayepiga nduru kuomba msaada, na mwili hukimbiza damu pale kusaidia. Saratani nayo hupiga nduru hiyo hiyo, na msaada ukifika, inaugeuza chakula chake. Akasema kichana hakikuleta ugonjwa. Niliitikia tu. Lakini miezi miwili nduru ilipigwa mkononi mwangu, nami nikaichana.

Mama Kevo alikuwa bado mlangoni mke wangu aliposema kutoka kitandani, "Mpe kichana. Lakini kesho asubuhi aende kliniki, asingoje kama mimi."

"Kwani kiko wapi?" nikamuuliza.

Akainua mto. Kilikuwa pale, meno yake yameloa mafuta aliyojichania leo.