Mama Ipyana Hakuweka Mafuta ya Taa

Uyole, Mbeya

Dada,

Kamwene. Mgongo unaendeleaje? Na mama, anakula? Mahindi mmeshavuna au bado yako shambani? Mimi mzima. Kifua kilinibana kwa baridi ya huku, sasa kimeachia.

Neema, soma polepole, shangazi asikie. Usiruke kitu.

Dada, naandika kwa sababu moja. Mwezi uliopita nilikwambia kwenye simu kwamba kazini kwetu kuna mama mwizi, Mama Ipyana, anauza petroli ya trekta njiani halafu anajazia mafuta ya taa. Si kweli. Yule mama hajaiba. Kosa ni langu. Kwenye simu ningesema nusu, salio likate. Ndiyo maana naandika.

Unajua nipo kwenye kitalu cha miche ya parachichi, huku juu ya Uyole. Tuna katrekta kadogo ka bustani, ka petroli, kamezeeka. Kanakata nyasi kwenye miti na kuvuta tela la udongo. Dereva ni mimi. Petroli alikuwa anafuata Mama Ipyana. Anashuka barabarani na galoni, anapanda nayo kichwani. Miaka mitatu kazi yake ni hiyo, na kujaza udongo kwenye viriba vya miche.

Wakati wa mvua trekta likaanza kuchoka. Asubuhi linawaka vizuri. Unapanda na tela mara ya kwanza, sawa. Mara ya pili, sawa. Ya tatu linakohoa, nguvu hakuna, katikati ya mlima linazima. Ukiliacha ukanywa chai, linawaka tena. Linatembea kidogo, linazima.

Bosi akaita fundi. Fundi akafungua tangi kutazama mafuta, akabadilisha plagi, akasafisha kabureta, akapuliza. Akawasha. Likanguruma kama jipya. Akanawa mikono, akaanza kuondoka. Hajafika getini limezima. Akarudi, akafungua tangi, akanusa, akafunga, likawaka. Likazima tena. Mwisho akasema, "Injini haina shida. Hapa ni mafuta. Mtu anachanganya mafuta ya taa."

Sisi tukaona kweli. Maana kila tukijaza petroli mpya linakwenda vizuri, halafu linakufa. Tukasema yanatangulia mazuri, mabaya yanafuata. Hiyo ndiyo akili ya watu sita, Dada.

Bosi akatukusanya saa nne, wakati wa chai, fundi naye yupo. Akauliza nani anaharibu trekta. Akaniangalia mimi. Niliogopa. Kazi hii nikiikosa narudi Mafinga kubeba mbao, na mabega hayapo tena. Nikasema, "Hata mimi harufu ya mafuta ya taa niliisikia kwenye galoni."

Sikuisikia. Nilisema tu ili macho yatoke kwangu.

Mama Ipyana akasema, "Galoni si hilo hapo. Nuseni. Nuseni wote."

Hakuna aliyeinama. Akanigeukia, "We Mhehe, ulinusa kwa pua ipi?"

Watu wakacheka. Bosi hakucheka. Akamwambia kesho asije. Mama wa watu akamwaga chai yake chini, akachukua jembe, akaenda. Jioni ile ndiyo nilikupigia. Nilikuwa nataka mtu aniambie nilifanya vizuri.

Bosi akawa analeta petroli mwenyewe kwenye gari lake. Trekta likazima vilevile. Hapo mtu angejiuliza. Bosi akasema mafuta ya taa yameshaharibu ringi, injini basi, aliuze chuma chakavu. Watu wa chuma chakavu wakaja kuliangalia, wakaligonga gonga.

Kabla hawajarudi kulibeba, limenizimia mlimani na tela limejaa. Nikaweka jiwe kwenye tairi. Nikasema labda petroli imeisha. Nilipofungua kifuniko likalia fyuuu, linavuta hewa kwenda ndani. Petroli ipo nusu tangi. Nikafunga, nikawasha, likapanda mpaka juu bila kukohoa.

Nikamwaga udongo, nikarudi na mwingine. Likazima palepale. Nikafungua, fyuuu. Likapanda. Nikafanya hivyo mara nne, sikutaka kuamini.

Kile kifuniko kina kitundu kidogo juu, kama cha sindano. Ni cha hewa. Petroli ikishuka kwenda kwenye injini, hewa inaingia kushika nafasi. Hewa isipoingia, petroli inagoma kushuka. Wewe unajua, dumu la mafuta ya kula usipolitoboa kwa juu linamimina kwa kugugumia.

Sasa wakati wa mvua niliona maji yataingia kwenye kile kitundu. Nikachukua kiriba, ile nailoni nyeusi ya kuoteshea miche. Nikachagua ambacho hakijatobolewa. Nikakikunja mara mbili, nikaweka chini ya kifuniko, nikakaza. Nilijiona mjanja. Na kila fundi alipofungua, mimi nilikirudisha kabla hajafunga, kama namvalisha mtoto kofia. Fundi naye alikiona, hakukisemea. Ukifungua, hewa inaingia, linawaka. Ukifunga, tunaanza upya. Petroli ya Mama Ipyana ilikuwa nzuri siku zote. Mimi ndiye niliyelikaba trekta.

Nikakitoa. Siku nzima halikuzima hata mara moja.

Bosi akafurahi. Akasema mbele ya wote, "Kumbe fundi tunaye humu humu." Akauliza nimefanya nini. Nikasema nimesafisha. Hiyo ilikuwa Ijumaa. Jumamosi nikakaa kimya. Jumapili nikaenda kanisani, nikaimba, nikarudi. Marehemu mama Neema angenitazama mara moja tu akajua. Hayupo, kwa hiyo nikakaa na lile jambo peke yangu.

Jumatatu nikampelekea bosi kile kiriba, nikamwambia.

Akasema, "Trekta si linatembea?"

"Linatembea."

"Sasa unataka nini?"

"Mama Ipyana aambiwe."

Akakigeuza geuza kile kiriba. "Kamwambie wewe."

Nikashuka sokoni. Siku hizi anauza viazi, amepanga ndoo zake chini. Nikachuchumaa, nikamweleza yote. Hakunikatisha. Mteja akaja, akampimia, akamfungia, akamshukuru. Halafu akanigeukia.

"Siku ile mlikuwa wangapi?"

"Sita. Na bosi, na fundi."

"Na leo umekuja peke yako."

Akapanga viazi vizuri juu ya ndoo.

"Hapa sokoni mimi sijaitwa mwizi," akasema. "Hapa naitwa mama viazi. Nenda ukaliseme pale ulipolisemea, na walewale wawepo. Nitakuja kusikiliza."

Nikamfuata fundi kwenye kibanda chake. Alisema hana nafasi. Nikamwambia nitakaa hapo mlangoni mpaka apate. Akapata.

Kesho yake saa nne Mama Ipyana akaja. Tukampa kiti, hakukaa. Nikasimama nikasema. Nikaonyesha kiriba, nikaonyesha kifuniko. Nikasema na harufu ile nilidanganya. Hapo ndipo pagumu, Dada. Kuziba tangi ni ujinga, mtu anasamehewa. Ile harufu niliitunga mwenyewe. Hakuna aliyecheka. Fundi alikuwa anaangalia viatu vyake. Bosi akasema, "Mama, na mimi nilikosea. Kazi yako ipo."

Akasema, "Nimesikia." Halafu akaniuliza, "Kuna mwingine ulimwambia?"

Ningesema hapana, nani angejua. Nikasema, "Dada yangu, Kilolo. Kwa simu. Na binti yangu alikuwa pembeni anasikia."

"Basi bado wawili," akasema. "Siwezi kurudi kushika galoni na kule Iringa kuna mtu ananijua mwizi. Siku wakisikia na wao, nitarudi." Akashuka zake.

Ndiyo hii barua. Dada, sasa umesikia, na Neema ameisoma kwa mdomo wake. Kama na wewe ulimsimulia mtu, shemeji au wenzako wa kwaya, nenda kawaambie nilidanganya. Sema ni mimi, usitafute neno la kunifunika. Halafu mniandikie. Neema aandike, wewe uweke jina lako chini. Maneno machache: tumesikia, Mama Ipyana si mwizi. Mpeni utingo wa lori aliyewaletea hii, anapita tena huko akirudi na mbao. Nitampelekea Mama Ipyana karatasi yenyewe, aisome mwenyewe.

Mama mwambie nguo nzito nitampelekea nikija. Shemeji msalimie, na mpwa wangu mdogo aliyeanza shule, na babu jirani anayetusaidia ng'ombe. Neema, daftari ulizoomba nimempa huyo utingo. Na usijifunze kuitikia kitu hujakiona. Baba yako alifanya hivyo, umesoma hapo juu.

Petroli kwa sasa nafuata mimi. Nikipita sokoni na galoni, Mama Ipyana ananiangalia, haniulizi kitu. Anajua nimeandika. Anahesabu siku za lori.

Mdogo wako,
Baba Neema